Siri ya Mtu ni Haki Yake



Ndugu wapendwa wa Vidunda, mgeni hubisha hodi kabla ya kuingia. Lakini tovuti nyingi huweka vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo, ndani ya simu zetu. Baadhi yavyo hutufuata tovuti hadi tovuti. Mama akisoma juu ya ugonjwa aliomficha hata mumewe, matangazo ya dawa yaweza kumfichua katika simu wanayotumia wote wawili.

Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa na ibara ya 16 ya Katiba yetu hulinda faragha. Sheria ya mwaka 2022 ikaunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ipokeayo malalamiko.

Basi, tukatae vidakuzi visivyo vya lazima, tufute vya zamani, wala tusione aibu kudai haki hii, kwani heshima ya mtu yatoka kwa Mungu.