Nani Aitwe Msanii? Lugha ya Masharti ya Fedha za Umma za Sanaa



1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Tabora kwenda Nzega hufika Puge akiwa karibu nusu ya safari. Zamani, nchi hii ya Unyamwezi ilikuwa kiungo cha misafara iliyotoka pwani. Ilipofika Tabora, mingine ilielekea Ujiji, mingine ilishika njia ya kaskazini kwenda ziwa kuu, upande aliopita John Hanning Speke mwaka 1858. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Mmoja alianzisha wimbo, na wapagazi wakauitikia huku mizigo ikiwa mabegani.

Wimbo ule ulikuwa wa nani? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni la wanahistoria peke yao. Nakusudia kuonyesha kwamba leo ni swali la fedha za umma, na kwamba jibu lake limefichwa katika nomino chache za fomu ya maombi.

2.0 Nomino Tatu

Nomino ya kwanza ni msanii. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ililiunda Baraza la Sanaa la Taifa, na kanuni za mwaka 2018 zikasisitiza kwamba afanyaye shughuli za sanaa asajiliwe. Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, msanii si yule atungaye tu, bali ni yule aliyeandikishwa. Kiswahili chenyewe kina maneno mengine: manju wa ngoma, malenga wa shairi, mghani, fanani. Fomu haiyajui hayo. Inalijua neno msanii, ambalo mitaani limekwisha pata maana ya pili ya mtu mjanja!

Nomino ya pili ni kikundi. Tudhanie kwamba kipo pale Puge kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu na kuimba wakati wa kulima. Wana kiongozi, wana nidhamu, na wana nyimbo walizorithi na walizotunga. Hawana katiba iliyopigwa chapa, muhuri, wala akaunti ya benki. Mbele ya jembe wao ni kikundi. Mbele ya fomu si kitu. Hakuna mtu aliyewakataa. Sentensi ndiyo haikuwaona.

Nomino ya tatu ni fedha yenyewe. Mfuko wa Utamaduni Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Sweden, ulitoa ruzuku. Katika miaka ya karibuni Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umetoa mikopo kwa kushirikiana na mabenki. Ruzuku na mkopo si visawe. Mkopo hurejeshwa, na kwa sababu hiyo humwelekea yule ambaye sanaa yake huuzwa. Wimbo wa kulimia hauna kiingilio mlangoni. Hivyo badiliko la nomino moja laweza kumwondoa mtu katika orodha bila ya kuandikwa sharti lolote jipya.

3.0 Suala la Lugha

Kwetu sisi wanaisimu, liko jambo zito zaidi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, hupokea miswada ya Kiswahili. Mimi niliyekitumikia Kiswahili maisha yangu yote naifurahia tuzo hiyo. Hata hivyo, Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za jamii zizungumzwe, zitafitiwe, na maandishi yake yachapishwe. Himizo lisilo na fungu la fedha ni salamu tu.

Wala haiwezekani kusema kwamba Kinyamwezi hakiandikiki. Mwaka 1992 Clement Maganga na Thilo Schadeberg walichapisha kitabu cha sarufi, matini na msamiati wake. Kitabu hicho kilitoka Köln, Ujerumani.

Tuitazame pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hiyo inazitambua sanaa za jadi: atakaye kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili hupaswa kupata idhini ya Baraza. Basi dola inaujua wimbo wa Puge pale mgeni anapotaka kuuchuma, lakini haimjui mwimbaji wake pale anapotaka kusaidiwa kuuhifadhi.

4.0 Hoja ya Upande wa Pili na Mapendekezo

Wako watakaosema kwamba masharti ni kinga ya mali ya umma. Wanasema kweli. Pasipo masharti, fedha huwafuata jamaa na marafiki. Watasema pia kwamba lugha zetu zinazidi mia moja, na hakuna jopo la waamuzi litakalozijua zote. Hilo nalo ni kweli. Sipendekezi masharti yafutwe. Napendekeza yaandikwe upya na watu waijuao kazi ya maneno.

Kwanza, kikundi kisicho na usajili kitambuliwe kwa barua ya serikali ya kijiji, nacho kipewe muda wa kujisajili baada ya kupata fedha, si kabla. Pili, rekodi ya sauti ihesabiwe kuwa kazi kamili sawa na mswada. Tatu, kazi ya lugha ya jamii ipokelewe ikiambatana na tafsiri ya Kiswahili, na mfasiri alipwe. Kwa njia hiyo Kiswahili hakitapoteza kitu. Kitakuwa mlango badala ya kuwa ukuta.

5.0 Hitimisho

Wanafunzi wangu, mnapofundishwa semantiki msidhani ni somo la darasani tu. Fasili ya neno hugawa mkate. Nyimbo za wapagazi zimepotea kwa wingi kwa kuwa aliyebeba mzigo hakuhesabiwa kuwa mtunzi. Nyimbo za jembe bado zina waimbaji walio hai, na wengi wao ni wazee. Fomu yaweza kurekebishwa mwaka wowote. Mzee akiondoka na wimbo wake, hakuna kanuni itakayomrudisha.