Twende Tukiwa Wazima

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu wa Turiani, akina baba na akina mama, tumezoea kwenda hospitali pale mwili unapouma. Kwa saratani ya mlango wa kizazi mazoea hayo hayatufai, kwani maradhi haya hukaa kimya. Kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kikidumu mwilini hubadili mlango wa kizazi taratibu, na aghalabu hupita miaka 10 hadi 20 kabla haijawa saratani. Damu isiyo ya wakati wake inapoanza kutoka, mara nyingi muda wa tiba nyepesi umekwisha. Hapo ndipo huanza safari za Ocean Road, Dar es Salaam, na shamba la mpunga likauzwa.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 nchini mwetu walipata saratani hii, na zaidi ya 6,000 walifariki kwayo mwaka huo.

Basi muda ule wa kimya ni rehema kwa anayeutumia. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja, kisha akatazama. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Wanaolengwa hasa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupimwa mapema zaidi na mara kwa mara. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo, ambayo tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu.

Wapo wasemao kuwa yote ni qadar. Umar bin al-Khattab (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) alipomhoji, alijibu kwamba wanaikimbia qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah. Naye alirudi akiwa mzima, tauni haijamgusa.

Wapo waonao haya. Haya ni katika imani, lakini haikuwekwa ili tumzike mama ambaye dawa yake ingalipo. Wanazuoni wameruhusu utupu kutazamwa kwa dharura ya tiba, kwa kadiri ya haja. Mama na aombe kuhudumiwa na muuguzi wa kike.

Wapo pia wanong'onao kuwa anayekwenda kupimwa ana mashaka na mwenendo wake. Tuogope! Mwanamke asiyemjua mwanamume ila mumewe aweza kukipata kirusi hiki, na kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi ni katika madhambi makubwa.

Akina baba, sisi ndio tuliopewa dhamana ya nyumba. Tusingoje mke aombe ruhusa na nauli. Jioni ya leo tumuulize kama amewahi kupimwa. Kama bado, tuulizie siku ya huduma katika kituo cha afya kilicho karibu, tumpe nauli, na siku hiyo tubaki na watoto.

Tunamuomba Allah awahifadhi mama zetu, wake zetu na mabinti zetu, na awape shifaa walio wagonjwa. Amin.