Nywele zinapoisha pembezoni mwa kichwa

Leo tunaongelea nywele.

Jiangalieni kwenye kioo, juu ya paji la uso na karibu na masikio. Mkiona vipele kwenye mizizi baada ya kusukwa, au vinywele vyembamba kama manyoya ya kifaranga, basi msuko umevuta ngozi kupita kiasi. Fumueni. Kusuka kusikouma ndiyo dawa ya kwanza, na hainunuliwi. Mkiendelea kusuka kwa kuvuta miaka mingi, shina la nywele hugeuka kovu, na kwenye kovu hakuoti kitu.

Pale shina lilipo hai bado, daktari anaweza kushauri dawa ya minoxidil. Ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu ipakwe kichwani. Haileti mashina mapya. Hulipatia shina lililodhoofu muda mrefu zaidi wa kukua, na unywele unaotoka huwa mnene kidogo. Wiki za kwanza nywele zinaweza kunyonyoka zaidi, na wengi huogopa wakaacha. Vumilieni miezi minne hivi kabla ya kuhukumu. Mkiiacha baadaye, unene ule hupotea ndani ya miezi michache. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie.

Mafuta meusi ya kokwa za mawese hulainisha na kupunguza kukatika. Shina lililokufa hayalifufui.

Na watoto, tafadhali: mtoto akilia anaposukwa, msusi alegeze mkono.