Kuanguka Mtihani wa Sayansi na Njia ya Kuufikia Uuguzi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, mkufunzi wa uuguzi aliyestaafu, mbele ya wanafunzi na wanachama siku ya Mkutano Mkuu wa mwaka. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliomba wayasome tena. — Mhariri)



Niliombwa niseme juu ya kazi ya uuguzi. Ningeweza kuzungumza juu ya heshima ya kazi hii, na kuwakumbusha vijana wa kiume kwamba si kazi ya akina mama peke yao. Lakini swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana waliotoka katika shule hii ni jingine kabisa. Nalo ni hili: "Mzee, nimeanguka Kemia na Fizikia. Je, mlango wa uuguzi umekwisha kufungwa?"

Jibu langu ni kwamba haujafungwa. Ila anayerudi mlangoni hapo hana budi aje na mpango. Hasira ya kushindwa humwamsha mtu usiku mmoja au miwili akasome. Mpango ndio unaomwamsha usiku wa mia moja.

Kwanza tujue linalotakiwa. Kuingia stashahada ya uuguzi na ukunga, ambayo ni mafunzo ya miaka 3, mwombaji hutakiwa awe na ufaulu usiopungua D katika masomo 4 yasiyo ya dini kwenye mtihani wa kidato cha nne, na katika hayo lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nguvu. Katika madaraja ya Baraza la Mitihani, D huanza kwenye alama 30, na C huanza kwenye 45. Aliyepata 29 na aliyepata 4 wote wameandikiwa F ileile. Kumbukeni jambo hilo, maana nitalirudia.

Wapo wanaonung'unika: "Fizikia ya nini kwa mtu atakayechoma sindano?" Hebu tuitazame chupa moja ya dripu iliyotundikwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Ndani yake mna maji ya chumvi yenye asilimia 0.9, yaani gramu 9 za chumvi katika lita 1. Kwa nini isiwe maji matupu? Kwa sababu maji matupu yakiingia katika mshipa yataingia katika seli nyekundu za damu, nazo zitavimba na kupasuka. Na chumvi ikizidi mno, seli hizo zitanywea. Hiyo ni osmosisi, nayo ni Baiolojia. Sasa zigawe zile gramu 9 kwa 58.5, ambazo ni uzito wa moli moja ya chumvi, utapata moli 0.154 katika lita. Hiyo ni Kemia, tena ni sura ileile ya moli ambayo wengi wenu huiruka. Na kwa nini chupa itundikwe juu? Kimo cha mita 1 ya maji hutoa kanieneo sawa na milimita 74 hivi za zebaki, inayotosha kuushinda msukumo mdogo wa damu iliyomo katika mshipa. Ishushe chupa chini ya mkono wa mgonjwa, na damu itaanza kurudi katika mpira. Hiyo ni Fizikia.

Bado hatujamaliza. Daktari ameandika lita 1 iingie kwa saa 8, na mpira wenyewe hutoa matone 20 kwa kila mililita. Muuguzi huzidisha 1000 kwa 20, akagawa kwa dakika 480, akapata matone 42 hivi kwa dakika. Hiyo ni hesabu ya darasani, lakini hapa akikosea hakuna mwalimu wa kuweka alama ya mkasi. Yuko mgonjwa.

Ndiyo sababu nawaambia msiyaone masomo haya matatu kuwa ni kodi ya kulipwa mlangoni na kusahauliwa. Utayakuta tena ndani ya chuo, katika somo la mwili wa binadamu na utendaji wake, na katika somo la dawa. Anayeingia kwa kukariri majibu ya mtihani huanguka mara ya pili akiwa ndani, na kuanguka kwa ndani kuna gharama kubwa zaidi, maana ada imekwisha kulipwa. Basi anayerudia asilenge D. Alenge C, ili hata mkono ukiteleza siku ya mtihani, asianguke chini ya mstari.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe.

Hatua ya kwanza ni kujua uliangukia wapi. Cheti hakisemi, kinasema F tu. Chukua karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita, kaa nayo saa 3 bila daftari, kisha mpe mwalimu aisahihishe. Yagawe makosa yako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, mambo ambayo hukuyajua kabisa. La pili, mambo uliyoyajua lakini hesabu ikakushinda. La tatu, maswali uliyoyajua lakini hukuelewa Kiingereza chake, au muda ukakuishia. Kila fungu lina dawa yake. Mtu mwenye fungu la pili akienda kununua kitabu kingine cha Kemia, anatibu goti kwa dawa ya kichwa.

Hatua ya pili ni kuchagua masomo machache. Wahenga walisema: mshika mbili, moja humponyoka. Tuchukue mfano wa kijana aliyepata C ya Uraia, D ya Kiswahili na D ya Baiolojia, lakini akapata F katika Kemia, Fizikia na Hisabati. Ana ufaulu wa masomo 3. Kwa haya na kwa hasira, hutaka kurudia masomo yote. Mimi namwambia arudie Kemia na Fizikia tu. Baiolojia asiirudie, ila aendelee kuisoma. Na yule aliyeanguka sayansi zote tatu, naye anafanya kazi ya kutwa nzima, ni afadhali atumie miaka miwili: wa kwanza kwa Baiolojia na Kemia, wa pili kwa Fizikia. Najua wazazi hawapendi kusikia hivyo. Lakini miaka miwili yenye mpango ni mifupi kuliko mitatu ya kuanguka kila Novemba. Tena kabla ya kulipa ada yoyote, soma mwongozo wa udahili wa mwaka huohuo unaotolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, uhakikishe masharti, pamoja na namna vyeti vya vikao viwili vya mtihani vinavyopokewa.

Hatua ya tatu ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mtihani. Mtihani hufanyika Novemba. Matokeo yaliyokuangusha aghalabu hutangazwa Januari, na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mapema mwanzoni mwa mwaka. Anayekaa kuomboleza hadi Pasaka huenda akakuta muda wa usajili umepita. Jiandikishe kwanza, machozi yafuate.

Kutoka Februari hadi mwanzo wa Novemba kuna majuma 40 hivi. Mtu mwenye kazi akipata saa 2 kwa siku, siku 6 kwa juma, atakuwa na saa 480. Yule kijana wa mfano wetu ningempangia hivi:

Majuma 6 ya kwanza asifungue Kemia wala Fizikia. Asome hesabu zinazobeba masomo hayo: sehemu, uwiano, vipeo vya kumi, kubadili fomula na kuchora grafu. Nyumba haianzi kwa paa. Anayejua uwiano hana sababu ya kuiogopa moli.

Majuma 14 yanayofuata ni ya Kemia, kwa kuwa ina mengi ya kutulia kichwani: muundo wa atomu, Jedwali la Elementi, milinganyo, moli, asidi na besi.

Majuma 12 ni ya Fizikia, lakini siku moja katika kila juma airudie Kemia, isije ikachuja.

Majuma 8 ya mwisho ni ya mitihani ya miaka iliyopita, kwa saa, kalamu mkononi, na kusahihishwa na mtu mwingine. Majuma hayo asianze mada mpya.

Hatua ya nne ni Kiingereza cha mtihani. Mnasoma na kubishana kwa Kiswahili, halafu mnaulizwa kwa Kiingereza. Wekeni daftari dogo la maneno ya amri. Anayeambiwa ataje kisha akaeleza, amepoteza muda. Anayeambiwa atofautishe kisha akataja, amepoteza alama.

Hatua ya tano ni vitendo, na hapa ndipo anayerudia hubaki yatima, kwa kuwa hana maabara. Mengine anaweza kuyafanya nyumbani. Funga jiwe kwenye uzi wa mita 1, ulibembeze, uhesabu: kwenda na kurudi mara 20 huchukua sekunde 40 hivi. Fupisha uzi, uchore grafu. Chemsha choya, utie ndimu katika kikombe kimoja na maji ya majivu katika kingine, uone rangi inavyobadilika. Weka kipande cha kiazi katika maji ya chumvi na kingine katika maji matupu, ukavishike kesho yake. Utaielewa ile dripu kuliko kwa kusoma kurasa kumi. Lakini bureti na pipeti hazipatikani jikoni.

Kwa hiyo sasa nawageukia ninyi wenzangu wenye mvi. Kila tukikutana hapa tunachanga fedha za karamu na za kupaka rangi ukumbi. Ni mambo mema. Lakini maabara ya shule hii hufungwa Jumamosi mchana kutwa, na umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapa wako vijana waliovaa sare hii mwaka juzi, wanaorudia mtihani bila kushika chombo hata kimoja. Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini ya Mkuu wa Shule, Umoja wetu umlipe posho mwalimu mmoja na fundi wa maabara, tununue kemikali, na maabara ifunguliwe kwa wanaorudia kila Jumamosi kuanzia Februari hadi Oktoba. Wenzetu wauguzi, waganga na wafamasia waliomo humu wagawane zamu, ili kijana amwone mtu anayezitumia hesabu hizo kazini.

Na ninyi vijana mlio kidato cha tatu na cha nne, msingoje kuanguka ndipo mpange. Majuma yale 40 ni mali yenu pia.

Wahenga wametuachia neno kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nami naongeza kidogo tu: mradi aliyejikwaa ageuke alitazame jiwe, ajue lilipo.

Ndugu Mwenyekiti, nimesimama nikingoja kusikia nani ataliunga mkono pendekezo langu la Jumamosi.