Historia Kabla ya Alama: Tathmini na Utambuzi wa ADHD kwa Watu Wazima

Mada kwa semina ya maofisa tabibu, wauguzi wa afya ya akili na washauri nasaha



1. Utangulizi

Kliniki zetu zimeanza kupokea watu wazima wenye ombi ambalo zamani lilikuwa nadra: "Daktari, naomba nipimwe ADHD." Baadhi yao wametazama video kwenye simu wakahisi wanasimuliwa maisha yao. Wengine ni wazazi ambao watoto wao wametambuliwa kuwa na tatizo hilo, nao walipokuwa wakijibu maswali ya daktari kuhusu mtoto wakajikuta wanajieleza wenyewe. Wapo pia wanaofikishwa na mwenzi wa ndoa aliyechoka, au na barua ya onyo kutoka kazini.

ADHD ni tatizo la ukuaji wa ubongo linaloanza utotoni. Linajitokeza kwa kukosa umakini, kutotulia na kukurupuka, kwa kiwango kinachovuruga masomo, kazi na mahusiano. Hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha zinakadiria mchango wa urithi kuwa takriban 74%. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa tatizo la watoto tu, lakini leo inafahamika kwamba kwa wengi linaendelea hadi ukubwani. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu wazima wapatao 2.5% wanalo.

Hakuna kipimo cha damu, picha ya ubongo wala mashine inayoweza kutoa jibu la ADHD kwa mtu mzima. Hoja yangu leo inaanzia hapo. Utambuzi unatokana na historia ya maisha iliyochukuliwa kwa utaratibu. Alama za dodoso zinafungua mazungumzo, lakini uamuzi unategemea historia. Na kuchukua historia ni kazi ambayo hospitali ya wilaya inaiweza kabisa, mradi itenge muda.

2. Vigezo vinasema nini

Mwongozo wa DSM-5, uliotolewa na Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani mwaka 2013, unataja dalili 18: tisa za kukosa umakini, na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtoto anahitaji dalili sita katika kundi moja. Kuanzia umri wa miaka 17 zinatosha tano, kwa sababu dalili hupungua au hubadilika sura kadiri mtu anavyokua. Kijana aliyekuwa akipanda juu ya madawati huenda leo anakaa kikaoni kimya, huku ndani akihisi hawezi kuvumilia dakika moja zaidi.

Idadi peke yake haitoshi. Dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi. Kadhaa kati yake ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini. Ziwe zinaharibu utendaji kwa namna inayoonekana. Na zisiwe na maelezo bora katika ugonjwa mwingine. ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, inafuata njia hiyohiyo, ila yenyewe haiweki idadi kamili ya dalili na inauachia weledi wa tabibu nafasi kubwa zaidi.

Zingatieni badiliko moja. Toleo lililotangulia la DSM lilidai kwamba dalili ziwe zimeleta madhara kabla ya miaka saba. DSM-5 inataka dalili tu ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12. Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa watu wetu, kama nitakavyoeleza katika sehemu ya tano.

3. Dodoso na mipaka yake

Dodoso linalotumika sana ni ASRS, lililoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2005. Lina maswali 18, na sita ya mwanzo ndiyo hutumika kuchuja. Yanauliza kuhusu kukamilisha vipengele vya mwisho vya kazi, kupanga mambo, kukumbuka miadi, kukwepa kazi inayohitaji kufikiri sana, kuchezesha mikono au miguu, na kuhisi kama unasukumwa na injini. Katika matatu ya kwanza, jibu la "wakati mwingine" tayari linahesabiwa. Katika matatu ya mwisho linahesabiwa kuanzia "mara nyingi". Anayefikisha majibu manne anastahili tathmini kamili.

Anastahili tathmini, basi. Tufanye hesabu ya mfano. Chukua watu wazima 1,000, na tuseme 20 kati yao wana ADHD. Tuwape dodoso la kubuni linalowanasa wenye tatizo tisa kati ya kumi, na linalomkosea mtu mmoja kati ya kila kumi wasio nalo. Litawanasa 18 wenye ADHD, pamoja na wengine 98 wasio nayo. Kati ya watu 116 waliopata alama za juu, wenye tatizo hawafiki mmoja kati ya sita. Dodoso halikufanya vibaya. Linafanya kazi ya kuchuja, na baada ya kuchuja bado kuna kuchambua. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018, NICE NG87, unakataza kutambua ADHD kwa kutegemea dodoso peke yake, na unataka historia kamili ya makuzi na ya afya ya akili, ichukuliwe na mtaalamu aliyefunzwa.

4. Mahojiano

Chombo kinachosaidia hapa ni DIVA-5, mahojiano yenye mpangilio maalumu yaliyotengenezwa Uholanzi. Kila dalili inaulizwa mara mbili: ilivyo sasa, na ilivyokuwa kati ya umri wa miaka 5 na 12. Kisha madhara yanachunguzwa katika maeneo matano: kazi na elimu, familia na mahusiano, marafiki, mapumziko, na namna mtu anavyojiona. Huchukua saa moja na nusu hivi, na inawezekana kuyagawa katika vikao viwili.

Nitoe mfano. Nimeuunganisha kutokana na visa vya aina nyingi, kwa hiyo haumwelezi mgonjwa mmoja. Mama wa miaka 34, mhasibu katika chama cha akiba na mikopo, analalamika kwamba akili haishiki. Tabibu akimuuliza, "Dada, huwa unapoteza vitu?" atajibu, "Sana," na tabibu hatakuwa amejua lolote, kwa kuwa kila mtu hupoteza vitu. Lakini akiuliza, "Mara ya mwisho ulipoteza nini, na ikawaje?" atasikia habari nyingine: funguo za kasiki la ofisi zilibaki kwenye daladala, fundi akaitwa kubadilisha kufuli, gharama ikakatwa kwenye mshahara, na ilikuwa mara ya pili.

Kisha: "Na ulipokuwa darasa la tatu, la nne?"

"Sweta. Mama alinishonea jina kwenye kola, na bado zilipotea."

"Shuleni ulikuwa unachapwa kwa kosa gani hasa?"

"Kutomaliza kuandika. Mwalimu anafuta ubao, mimi nipo mstari wa tatu."

Swali hilo la viboko lina nguvu. Watu wengi hawakumbuki "umakini" wao wa utotoni, ila wanakumbuka vizuri sana waliadhibiwa kwa nini. Linahitaji kuulizwa kwa upole, kwani kwa wengine linagusa kidonda, na kidonda hicho nacho ni sehemu ya tathmini.

5. Ushahidi wa utoto

Mwaka 2015 watafiti wa Dunedin, New Zealand, walitoa matokeo yaliyozua mjadala mkubwa. Wamewafuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walipofikisha miaka 38, takriban 3% walionekana kuwa na ADHD, lakini wengi mno kati ya hao hawakuwa na ADHD utotoni. Je, kuna ADHD inayoanza ukubwani? Mwaka 2018 watafiti wa mradi wa MTA wa Amerika Kaskazini walichunguza hatua kwa hatua vijana waliodhaniwa kuwa na ADHD ya kuchelewa. Takriban 95% waliondolewa kwenye kundi hilo. Dalili zao zilielezeka kwa matumizi ya vilevi au ugonjwa mwingine wa akili, au hazikuwa na madhara ya kutosha. Dalili zinazoanzia ukubwani, basi, kwa kawaida zinatutaka tutafute chanzo kingine kwa bidii.

Upande wa pili, ukimya wa utotoni usituhadae. Kuna mtoto mwenye akili aliyesoma shule ya bweni: kengele ikamwamsha, kengele ikampeleka prepo, mwalimu akakagua daftari, chakula kikawa tayari. Mpangilio wa nje ulibeba mzigo ambao ubongo wake usingeweza kuubeba peke yake. Anaporomoka akifika chuo kikuu au ajira ya kwanza, ambako hakuna anayempigia kengele. Na kuna msichana aliyekaa kimya dirishani katika darasa la watoto 80, akili ikiwa mbali. Hakumsumbua mtu, kwa hiyo hakuna aliyemwona. Utotoni wavulana hutambuliwa kwa wingi kuliko wasichana, lakini ukubwani pengo hilo hupungua sana. Wote hawa wawili wanaweza kutimiza kigezo cha sasa: dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12, ingawa madhara yalichelewa.

Ushahidi tuutafute pote. Kwa ridhaa ya mgonjwa, tumpigie simu mama, shangazi au kaka mkubwa kwa habari za utotoni, na mwenzi wa ndoa kwa habari za sasa. Tuombe ripoti za shule. Maneno ya mwalimu wa darasa kama "ana uwezo ila hatulii" yana thamani zaidi kuliko nafasi aliyoshika mgonjwa darasani. Tukumbuke pia kwamba mzazi anaweza kuficha kwa kuona aibu, au kuona tabia hizo ni za kawaida kwa sababu naye anazo.

6. Yanayofanana na yanayoambatana

Sonona huvuruga umakini, lakini huja kwa vipindi. ADHD hufuatana na mtu miaka yote. Swali linalosaidia ni: "Kuna miaka ulikuwa mzima kabisa kwa haya?" Baipola nayo huja kwa vipindi, na mgonjwa anaweza kulala saa chache bila kuhisi uchovu. Wasiwasi uliopitiliza na kiwewe huiteka akili kwa hofu maalumu. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini huamka na akili nzito. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi hupimika, hivyo vipimwe.

Kwetu yapo ya kuongeza. Tuulize ajali za bodaboda na kupoteza fahamu. Tuulize kifafa. Tuulize malaria kali ya utotoni iliyoleta degedege au kupoteza fahamu, kwani tafiti za Uganda na Kenya zimeonesha kuwa baadhi ya watoto walionusurika hubaki na matatizo ya umakini na tabia. Kwa anayeishi na VVU, tuangalie ugonjwa wenyewe na dawa. Efavirenz, kwa mfano, inajulikana kuvuruga usingizi na umakini. Tuulize bila kuhukumu kuhusu pombe, bangi na mirungi, na tujue kilichotangulia: dalili au matumizi.

Hata hivyo, kupata jibu moja kusifunge mlango wa jingine. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kuwa takriban 23% ya watu wenye uraibu wana ADHD. Tanzania ina kliniki za methadone tangu ile ya Muhimbili ilipoanza mwaka 2011. Wahudumu wa huko wanakutana na watu hawa kila asubuhi, na wana nafasi nzuri ya kuwauliza.

7. Kutoa majibu

Majibu halali ni matatu: ndiyo, hapana, na bado. "Bado" inafaa pale sonona kali au vilevi vinapohitaji kutibiwa kwanza, kisha tathmini irudiwe. Jibu la "ndiyo" lithibitishwe na daktari bingwa, na kabla ya dawa yoyote yapimwe mapigo ya moyo, shinikizo la damu na uzito, na iulizwe historia ya moyo katika familia. Methylphenidate, dawa ya kutibu ADHD, inadhibitiwa kimataifa. Si ya kujaribiwa ili kuona kama mtu "anaitikia". Dawa ya aina hiyo inaweza kumwongezea umakini hata asiye na ADHD, kwa hiyo kuitikia hakuthibitishi kitu. Anayeambiwa "hapana" naye alikuja na shida ya kweli, na hapaswi kutoka bila mpango.

8. Mapendekezo

1. Kila tathmini ipewe vikao viwili, na cha pili kihusishe ndugu au mwenzi.
2. Fomu ya historia iwe na safu mbili kwa kila dalili, "utotoni" na "sasa", na kila safu ijazwe tukio halisi.
3. ASRS itumike kuchuja tu, na alama zake zisiandikwe kama utambuzi.
4. Wingi wa damu na thairoidi vipimwe, na usingizi, ajali, kifafa na vilevi viulizwe kwa kila mgonjwa.
5. Barua ya rufaa kwenda Muhimbili, Mirembe au kwa bingwa mwingine iambatane na historia hiyo, ili mgonjwa asianze upya.

Katika vikundi vya mchana naomba kila kikundi kichukue dalili tatu, na kwa kila moja kiandike swali la utotoni na swali la sasa kwa mifano ya maisha ya wilayani kwenu: sokoni, shambani, ofisini, nyumbani. Maswali hayo tutayakusanya kuwa rasimu ya kwanza ya fomu yetu. Wengi wa watakaojibu fomu hiyo wameitwa wazembe tangu darasa la kwanza. Wanastahili kusikilizwa kikamilifu kabla hatujawapa jina jingine lolote.