Utafiti Mpya Katika Nchi ya Mbeya



Habari za elimu mpya zikitajwa, wengi wetu hupeleka fikira ng'ambo, kwenye miji mikubwa yenye vyuo na mitambo, tukadhani kwamba huko ndiko maarifa yazaliwako, na sisi kazi yetu ni kuyapokea yakiisha kuiva. Usiku huu twataka kunena habari za mambo manne yaliyochunguzwa hapa hapa kwetu, katika nchi iliyo baina ya Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa, na mji wa Mbeya ukiwa katikati. Moja ni la jiwe, la pili ni la mnyama, la tatu ni la hewa itokayo ardhini, na la nne ni la maradhi. Hilo la nne ndilo zito kuliko yote, nalo tutakaa nalo zaidi.

Tuanze na jiwe, maana wengi mmekwisha kuliona. Mtu akitoka Mbeya kushika njia ya Tunduma, hufika Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Huko, katika mteremko wa kilima cha Marengi, kimelala kimondo. Ni pande la chuma lenye urefu wa meta 3 na kimo cha meta 1. Zamani lilikadiriwa kuwa na uzito wa tani 25, na makadirio ya baadaye yameshusha hesabu hata kufika tani 16 hivi. Vitabu vya wageni husema kwamba kimondo hicho kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji wa ardhi aitwaye W. H. Nott. Neno hilo la kugunduliwa lataka kusahihishwa kidogo. Wenyeji walikuwa wakilijua jiwe lile tangu zamani; alilofanya mpimaji yule ni kuipeleka habari yake mahali ambapo haikuwa imefika. Lakini tusimnyime haki yake, kwa kuwa vipimo vilivyofuata vilitufunza jambo ambalo macho matupu hayangeweza kutufunza: chuma kile ni sehemu 90 na kitu katika kila mia, na karibu sehemu 9 ni nikeli. Wataalamu huvigawa vimondo vya chuma katika jamaa mbalimbali kwa kuangalia madini yaliyomo, nacho kimondo cha Mbozi hakikupata jamaa. Kimeandikwa peke yake, kama mgeni asiyejulikana kwao. Wala hapana shimo lolote kando yake lionyeshalo mahali kilipoangukia. Mwaka 1967 kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Sasa tupande Rungwe. Mwanzoni mwa mwaka 2003 watu wa chama kimoja cha kuhifadhi wanyama chenye makao yake New York, wakiongozwa na Bwana Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa juu ya wanyama wa misitu ya mlima ule. Wawindaji wakataja mnyama mmoja mwenye haya, aitwaye kipunji. Basi Wanyakyusa, kama watu wengi wa milimani, wana wanyama wa msituni na wana wanyama wa hadithini, na msikilizaji mgeni hajui mara moja ni yupi wa wapi. Wachunguzi wakabaki na mashaka. Wakaingia msituni mara nyingi, wakaona kitu kikipita juu ya miti katika ukungu, wasiweze kusema ni nini. Hata Desemba ya mwaka ule wakamwona waziwazi. Alikuwa ni kima mkubwa mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia na kijivu, ambayo bila shaka humfaa katika baridi ya Rungwe; ana kishungi kilichosimama utosini, ndevu ndefu za mashavuni, na ncha ya mkia nyeupe. Sauti yake si kama ya kima mwingine yeyote.

Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata, 2004, kundi jingine la wachunguzi lilimwona mnyama yule yule katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa, wao wasijue habari za wenzao wa Rungwe. Makundi mawili yakaungana, na Mei 2005 habari ikatolewa katika jarida la *Science* la Marekani. Kati ya majina ya walioiandika yamo ya Noah Mpunga na Sophy Machaga, ambao walikuwa katika kundi la Rungwe.

Hapo mambo hayakwisha. Kwanza mnyama yule alihesabiwa kuwa ni katika mangabei, jamii ya kima wanaojulikana katika misitu mingine ya Afrika. Kisha katika mwaka ule wa 2005 kipunji mmoja akafa katika mtego wa mkulima, ndani ya shamba la mahindi karibu na Rungwe. Mzoga wake ukachunguzwa, na asili yake ikasomwa katika chembe za mwili, na ikaonekana kwamba kwa nasaba yeye ni wa karibu zaidi na nyani kuliko mangabei. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*, na kwa njia hiyo jina la mlima wetu likaingia katika vitabu vya elimu ya wanyama. Ilikuwa imepita miaka 83 tangu jenasi mpya ya kima wa Afrika kuandikwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuta kipunji 1,117 tu, wa Rungwe, Kitulo na Ndundulu wote pamoja. Twaomba mfikiri kidogo juu ya hesabu hiyo: katika mikutano ya hadhara ya Tukuyu yawezekana kuhudhuria watu wengi kuliko hao.

Jambo la tatu tutalipita upesi kidogo. Katika bonde la Rukwa ziko chemchemi zinazotoa mapovu. Wenye kuchota maji huyaona kila siku. Wachunguzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walikusanya mapovu hayo katika vyombo, wakayapima, na Juni 2016 wakatangaza kwamba ndani yake mna heliamu nyingi. Hewa hii huzaliwa polepole mno ndani ya miamba ya kale sana, kwa kuvunjika kwa madini ya urani, ikakaa humo imefungwa. Joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo liliifungua ikapanda juu. Kazi yake hospitalini ni kubwa: zile mashine za sumaku zitazamazo ndani ya mwili wa mgonjwa pasipo kumpasua hupozwa kwa heliamu ya maji, ambayo baridi yake hufika digrii 269 chini ya sifuri. Makadirio ya mwaka ule yalitaja futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde, na magazeti yakaanza kugawa utajiri siku ile ile. Lakini kadirio si ghala. Ilichukua miaka minane, hata 2024, ndipo kisima kilichochimbwa Itumbula kikatoa heliamu hadi juu ya ardhi, na kutoka kisimani hadi sokoni ni safari nyingine.

Katika mambo hayo matatu mwaona kwamba mwenyeji alikuwa na neno kabla ya mtaalamu: kimondo kilikuwa na jina, kipunji alikuwa na jina, na mapovu yalikuwa yakionekana. Mtaalamu alikuja kuuliza, kisha akapima. Jambo la nne si hivyo. Hili hakuna aliyelijua, si mwenyeji wala daktari, wala lisingeweza kujulikana kwa kumwuliza mzee yeyote hata awe na busara namna gani.

Mnaijua Kyela, nchi ya chini yenye joto, ya mpunga na kakao, iliyo kando ya Ziwa Nyasa. Maji mengi huleta mbu wengi, na mbu wa Kyela wamekuwa wakieneza matende kwa muda mrefu. Maradhi haya huletwa na minyoo myembamba kama uzi ambayo hukaa katika mishipa ya limfu. Minyoo mikubwa huishi miaka mingi, ikazaa vijidudu vichanga visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutoka kuogelea damuni wakati wa usiku, saa ambazo mbu huuma. Mwisho wake sote twaujua: miguu iliyovimba, mabusha, na aibu inayomfanya mtu mzima ajifungie nyumbani. Lakini yapasa kujua kwamba wengi walio na minyoo hiyo hawana dalili yoyote. Huenda shambani, huoa na kuolewa, nao hawana habari.

Tangu mwaka 2006 hata 2011, kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani, kilifanya kazi kubwa katika sehemu tisa za Mkoa wa Mbeya kama ulivyokuwa wakati ule. Watu kama 18,000 walitembelewa mwaka hata mwaka majumbani mwao. Waliulizwa maswali, wakatolewa damu, na damu ikahifadhiwa katika baridi kali. Kyela ilikuwa moja ya sehemu hizo. Huko wataalamu walitaka kujua jambo lililokuwa likidhaniwa kwa miaka mingi bila kuhakikishwa: je, mtu mwenye minyoo ya matende huambukizwa virusi vya UKIMWI kwa wepesi kuliko asiye nayo?

Walifuatwa watu 1,055 ambao mwanzoni hawakuwa na virusi. Katika muda wa kufuatwa, 32 kati yao waliambukizwa. Walipogawanywa, ikaonekana hivi: katika kila watu mia wenye minyoo, kwa mwaka mmoja waliambukizwa karibu wawili, katika kila mia wasio na minyoo hakufika hata mmoja. Wataalamu wakaondoa kwa hesabu tofauti za umri na za mwenendo, maana mtu angeweza kusema kwamba labda wenye minyoo wana tabia nyingine. Tofauti ikabaki palepale, zaidi ya mara mbili, nayo ilikuwa kubwa hasa kwa vijana. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2016 katika jarida la *Lancet* la London.

Sababu yake tutaieleza kwa maneno machache. Mwili una askari wake katika damu. Minyoo ikikaa mwilini, baadhi ya askari hao hukaa macho siku zote, silaha mkononi, na ni askari wa namna hiyo hasa ambao virusi vya UKIMWI huwapenda na kuwaingia. Kwa hiyo kijana wa Kyela aliyeumwa na mbu utotoni, asiye na uvimbe wala maumivu, huenda akawa amefunguliwa mlango asioujua.

Fikirini sasa jinsi habari hii ilivyopatikana. Hakuna mtu mmoja ambaye angeiona katika maisha yake mwenyewe. Mama mmoja hawezi kuona tofauti ya wawili na mmoja katika mia. Ilipatikana kwa sababu watu wa vijijini walikubali, mwaka baada ya mwaka, kukunja mikono ya nguo wakatoa damu wakiwa wazima, pasipo kujua itatumiwa kujibu swali gani. Kwa maoni yetu, mtu aliyetoa damu yake yampasa kuambiwa kilichopatikana ndani yake, tena kwa lugha anayoielewa, kabla hakijazeeka katika majarida ya Kiingereza. Ndiyo sababu tumekileta hapa barazani.

Dawa za matende zipo, nazo Tanzania ilianza kuzigawa kwa watu wote wa sehemu zenye maradhi hayo tangu mwaka 2000: aivamektini na albendazo, mara moja kwa mwaka. Wako waliovitupa vidonge hivyo nyuma ya nyumba kwa kusema, "Mimi sina matende, ninywe dawa ya nini?" Neno hili lilionekana kuwa na akili wakati tulipodhani kwamba hatari ya minyoo ni uvimbe tu.

Mwaka 2023 wataalamu wa Mbeya na wenzao walitoa habari nyingine. Waliifungua tena ile damu iliyohifadhiwa, ya watu 350 waliokuwa na minyoo, ili kutazama ni nani kati yao aliyekuwa na vile vijidudu vichanga damuni. Wakawapata 12. Katika hao 12, watatu walikuwa wameambukizwa virusi vya UKIMWI ndani ya miaka minne, na waliobaki, ambao ni zaidi ya 330, walikuwa wameambukizwa 19. Watu 12 ni wachache, na hesabu ndogo haitakiwi kubebeshwa mzigo mkubwa. Walakini vile vijidudu vichanga ndivyo hasa ambavyo kidonge cha kila mwaka huviondoa katika damu, hata pale ambapo minyoo mikubwa yenyewe haijafa. Na kwa kuwa minyoo hiyo huendelea kuzaa, kidonge cha mwaka mmoja hakitoshi.