Jeshi la Kulinda Ndani: Force Publique na Katanga Mwaka 1914



Mwaka 1914 Wabelgiji walikuwa na jeshi hapa Kongo. Nauliza: walilipanga lipigane na nani?

Jeshi hilo, Force Publique, lilikuwa na watu wapatao 17,000. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa na askari Waafrika 2,500 hivi, katika kompani 14. Kwa hesabu hiyo Wajerumani walipaswa kutetemeka, lakini hawakutetemeka. Jeshi lao lilikuwa dogo na lilizoea kutembea kwa kompani nzima. Basoda, yaani askari, wa huku walitawanywa wilaya kwa wilaya, Kasai, Ituri, Ubangi, Uele, na wengi wao walikaa katika vituo vidogo kusimamia kodi na kutisha vijiji. Wengi walibeba Albini, bunduki ya kizamani ya risasi moja moja.

Kuna wanaosema huo ulikuwa uzembe. Mimi naona ilikuwa hofu. Mwaka 1895 askari waliasi Luluabourg. Mwaka 1897 wakaasi wale wa msafara wa Dhanis, afisa wa Kibelgiji, uliokuwa ukielekea Nile. Mwaka 1900 wakaasi ndani ya ngome ya Shinkakasa, kule Boma, penyewe makao makuu ya utawala. Baada ya hapo wakubwa walihakikisha kila kikosi kina watu wa makabila mbalimbali, tena mbali na kwao, ili wasipate kula njama pamoja. Jeshi lililopangwa lisiungane dhidi ya bwana wake haliungani kwa siku moja dhidi ya adui wake. Isitoshe, Brussels iliutegemea Mkataba wa Berlin wa 1885, ikitumaini kwamba vita vya Ulaya havitavuka hadi Kongo.

Katanga ilikuwa na mambo yake. Hapa kulikuwa na jeshi la pekee, kompani sita, mojawapo ya baiskeli (ningelipa kuwaona wakipita kwenye vumbi la kiangazi!), watu wasiofika 3,000. Sababu ni shaba. Mwaka 1910 reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kutoka Rhodesia, na kwa reli hiyo walikuja wazungu wa kusini wenye fedha na tamaa. Wabelgiji waliogopa kunyang'anywa Katanga na Waingereza, hivyo jicho la askari hao lilielekea kusini.

Agosti 1914 meli ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, ikaipiga mizinga Lukuga, Kalemie ya leo. Matumaini ya ule Mkataba wa Berlin yakaishia hapo. Kompani za Katanga zikapangwa kuwa batalioni, na Septemba basoda wake walikuwa Abercorn, Mbala ya sasa, wakiwasaidia Waingereza walewale!

Kwingineko kazi ilikuwa ndefu. Charles Tombeur, aliyetoka katika utawala wa Katanga, alihitaji muda hadi 1916 kuwakusanya watu wa vituo, kuwapa bunduki mpya na kuunda brigedi mbili, zilizoongozwa na maafisa Molitor na Olsen. Tabora, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, ilitekwa tarehe 19 Septemba mwaka huo.

Na mizigo? Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, gari hazikuwa na barabara. Risasi, unga na vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi zaidi ya laki mbili, wengi wao wakichukuliwa vijijini kwa nguvu. Katika ile hesabu ya 17,000, hao hawamo.